Nyuso Zilizopita Kwihara: Mifupa ya Uso na Kazi Zake

Kilomita chache kutoka mjini Tabora, katika kijiji cha Kwihara, limo tembe linalotunzwa kama makumbusho kwa sababu ya wageni wawili waliokaa humo mwaka 1872, David Livingstone na Henry Morton Stanley. Mahali hapo palikuwa sehemu ya Unyanyembe, kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wanahistoria wameshaandika mengi juu ya pembe, watumwa, vitambaa na shanga zilizopita njia hiyo. Makala haya yanaiangalia njia hiyo hiyo kwa jicho la tabibu, yakichagua watu watatu waliofika Unyanyembe kati ya mwaka 1857 na 1872, ambao kila mmoja alikuwa na jeraha au kasoro ya uso, nao wenyewe au wenzao wakaiandika kinaganaga.

Inafaa kusema mapema kwamba nyuso zilizoumia zaidi katika njia ile hazikuwa za Wazungu. Maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi walianguka na mizigo mabegani, walipigwa, waling'olewa meno, na mataya yao yaliungana yenyewe au hayakuungana kabisa. Hakuna aliyeketi kuandika habari zao. Tunawatumia wasafiri hawa watatu kwa kuwa ndio walioacha wino. Mfupa wa taya hautofautiani kwa msafiri na kwa mpagazi wake.

Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22, ukiacha vijifupa sita vilivyomo ndani ya masikio na ule mfupa mdogo wa shingoni unaoshikilia ulimi. Minane kati ya hiyo hujenga kuba linalohifadhi ubongo. Iliyobaki 14 ndiyo mifupa ya uso. Miwili tu ndiyo isiyo na pacha: taya la chini, na voma, ubao mwembamba unaosimama ndani ya pua kuitenga njia ya kulia na ya kushoto, ambao jina lake katika Kilatini lina maana ya ulimi wa plau. Mingine yote huenda jozi jozi. Yapo mataya mawili ya juu, yaani maksila, yaliyokutana katikati hata yakaonekana kama mfupa mmoja. Ipo mifupa miwili ya mashavu, miwili ya pua, miwili ya kaakaa, miwili myembamba kama ukucha inayopitisha njia ya machozi kwenye kona ya ndani ya jicho, na miwili iliyojikunja kama kombe ndani ya pua, ambayo hupasha joto na kulowanisha hewa tuivutayo kabla haijafika mapafuni.

Mtoto anapozaliwa, uso wake ni kama sehemu moja ya nane tu ya fuvu; kwa mtu mzima hufikia takriban nusu. Ndiyo maana mtoto mchanga ana paji kubwa na kidevu kidogo. Uso hukua kwa sababu pua inapitisha hewa, meno yanaota na taya linatafuna. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa kuwa lina madhara makubwa kwa watoto wetu.

Msafiri wa kwanza ni Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, akapokewa kwa ukarimu na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Burton alikuwa na kovu refu kwenye shavu la kushoto. Alilipata Aprili 1855 huko Berbera, katika pwani ya Wasomali, kambi yake iliposhambuliwa usiku. Mkuki uliingia shavu moja ukatokea la pili, ukang'oa magego manne na kuliumiza kaakaa. Alifika ufukweni huku mkuki ungalimo usoni. Kovu hilo linaonekana hadi leo katika picha yake iliyochorwa na Frederic Leighton, iliyopo London.

Msomaji huenda akashangaa mtu aliyechomwa hivyo aliwezaje, miaka miwili baadaye, kutembea kutoka pwani hadi Unyanyembe na kukaa barazani akizungumza Kiarabu na mwenyeji wake. Jibu limo katika mpangilio wa mifupa. Mkuki uliopita kwa mlalo kwenye usawa wa magego ya juu huvuka kinywa chini ya matundu ya macho na chini ya sakafu ya fuvu, na ukiwa mbele ya kutosha huikosa mishipa mikubwa ya damu inayopanda shingoni kwenda kwenye ubongo. Kinachovunjika ni maksila, mfupa ambao kwa ndani si mzito hata kidogo. Una chumba cha hewa kila upande, ambacho matabibu hukiita sinasi, na kuta zake mahali pengine ni nyembamba kama karatasi ngumu. Nguvu yake imo katika nguzo chache nene: moja inapanda kando ya pua, moja inapita mfupa wa shavu, na moja nyuma karibu na koo. Mkandamizo wa kutafuna hupanda kwa nguzo hizo hadi kwenye paji. Pigo linalotoka mbele au ubavuni halikutani na nguzo iliyoelekezwa kulipinga, na hapo uso hubonyea.

Daktari Mfaransa René Le Fort wa mji wa Lille alichapisha mwaka 1901 uchunguzi wake juu ya jambo hili. Alipiga nyuso za maiti kwa namna mbalimbali kisha akazichunguza, akagundua kwamba nyufa hazitokei ovyo bali hufuata njia tatu zinazorudiarudia. Ya kwanza hukata juu ya mizizi ya meno ikaliacha kaakaa likielea. Ya pili hupanda kwa umbo la piramidi hadi kwenye shina la pua. Ya tatu huutenga uso mzima na kuba la ubongo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye madaktari wa upasuaji bado huzitaja njia hizo kwa jina lake, ingawa ajali za leo mara nyingi huchanganya mbili au tatu katika uso mmoja.

Kaakaa alilojeruhiwa Burton lina kazi ambayo mtu haitambui mpaka imepotea. Robo tatu za mbele za kaakaa gumu zimejengwa na mataya ya juu, na robo ya nyuma na mifupa ya kaakaa yenyewe. Ni sakafu ya pua na dari ya kinywa kwa wakati mmoja. Likitoboka, uji hutokea puani, na sauti kama za p, b, t na d hukosa nguvu kwa kuwa pumzi inayopaswa kubanwa kinywani hutoroka kupitia juu. Wako watoto wanaozaliwa hivyo, kwa sababu pande mbili za kaakaa, zinazopaswa kukutana tumboni mwa mama kati ya wiki ya saba na ya kumi na mbili, hazikukutana. Mtoto wa namna hiyo hajalogwa, wala mama yake hakukosa lolote. Anahitaji kulishwa akiwa ameinuliwa, na kufanyiwa upasuaji mapema, inavyowezekana kabla hajaanza kusema.

Siku hizi mikuki haipiti mashavuni mwa watu wa Tabora, ila pikipiki zinapita. Dereva wa bodaboda akirushwa mbele hupokea ardhi kwa kidevu, kwa shavu au kwa pua. Kofia ngumu iliyo wazi mbele huokoa ubongo lakini huuacha uso. Ile inayozunguka hadi kidevuni hulinda vyote viwili, na isiyofungwa mkanda haimlindi mtu yeyote, hata ikiwa ya bei kubwa. Ningependa abiria nao walisikie hili, maana mara nyingi kofia yao huning'inia kwenye usukani tangu stendi hadi nyumbani.

Taya la chini lina umbo la kiatu cha farasi, nalo limeshikwa na fuvu pande zote mbili. Kwa hiyo hufanya kama pete: likivunjika mahali pamoja, mara nyingi huwa limevunjika na pengine. Anayeangukia kidevu anaweza kuwa na jeraha dogo la ngozi chini, huku shingo nyembamba za taya zilizo mbele ya masikio zimevunjika zote mbili. Hiyo ni rehema kwa namna yake, kwa kuwa shingo hizo zisingevunjika, nguvu yote ingesukumwa kuelekea kwenye ubongo. Dalili ambayo jirani yeyote anaweza kuitambua bila kifaa ni majeruhi kusema kwamba meno yake hayakutani kama jana. Nyingine ni ganzi. Mdomo wa chini ukifa ganzi, mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya umebanwa au umekatika. Shavu na mdomo wa juu vikifa ganzi, ufa uko chini ya jicho. Akiona vitu viwili viwili, huenda sakafu ya tundu la jicho imeporomokea ndani ya sinasi. Tundu hilo limejengwa kwa mifupa saba, na sakafu yake ni nyembamba sana.

Kinachoua haraka katika majeraha ya uso ni hewa kuzibwa. Ulimi umefungwa kwa mbele kwenye taya la chini. Taya likivunjika pande zote mbili na kipande cha mbele kikarudi nyuma, ulimi hurudi nacho na kuziba koo. Damu na meno yaliyong'oka huongezea. Majeruhi mwenye fahamu aachwe akae akiinamia mbele ikiwa ndivyo anavyopumua vizuri, wala asilazimishwe kulala chali kwenye gari. Asiye na fahamu alazwe kwa ubavu, kichwa, shingo na mwili vikigeuzwa kwa pamoja. Kitu kilichochoma uso na kubaki humo kisichomolewe njiani, bali kishikiliwe kisitikisike hadi hospitali, kwa kuwa huenda ndicho kinachozuia damu. Jino la ukubwani lililong'oka lishikwe upande unaoonekana kinywani, lisisuguliwe mzizi, litiwe ndani ya maziwa na kupelekwa kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Linaweza kurudishwa likashika. Jino la utotoni halirudishwi.

Msafiri wa pili alikuwa mwenzake Burton, John Hanning Speke. Machi 1858, akiwa kisiwani katika Ziwa Tanganyika, mbawakawa aliingia sikioni mwake usiku akaanza kuchimba. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, mdudu hakutoka. Mwishowe akachukua ncha ya kisu kidogo akamchoma mdudu humo humo sikioni. Mdudu alikufa, na sikio likaharibika. Usaha ukatunga, uso wake ukavutwa upande mmoja, majipu yakashuka hadi begani, na kwa siku nyingi hakuweza kutafuna akaishi kwa mchuzi. Alirudi Kazeh akiwa karibu kiziwi upande huo. Aliandika kwamba kila alipopenga kamasi sikio lake lilipiga mluzi, na kwamba vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta miezi sita au saba baadaye.

Mluzi ule si muujiza. Sikio la kati huungana na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Ngoma ya sikio ikitoboka, pumzi inayosukumwa puani hupita mrijani na kutokea nje. Lakini kwa nini mtu mwenye jeraha la sikio ashindwe kutafuna? Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio lako, kisha ufungue na kufumba kinywa. Utakihisi kichwa cha taya kikiteleza mbele na kurudi. Kiungo cha taya na njia ya sikio vimetengwa na ukuta mwembamba tu, na taya la chini ndilo mfupa wa kichwa pekee unaotembea, ukiacha vile vijifupa vya sikioni. Uvimbe wa sikio ukifika kwenye kiungo hicho, au ukiikaza misuli ya kutafunia, kinywa hufungwa kama mlango uliovimba kwa mvua.

Speke alikuwa mtu mzima, akapona. Kwa mtoto mambo huwa mengine. Kichwa cha taya ni mojawapo ya sehemu ambazo taya hukulia. Mtoto akiangukia kidevu, au usaha wa sikio usiotibiwa ukipenya hadi kwenye kiungo, mfupa unaweza kuota na kulishikamanisha taya na fuvu. Hapo hawezi tena kufungua kinywa hata kwa upana wa kidole, hali vizuri, meno hayasafishiki, na kidevu hubaki kidogo huku sehemu nyingine za uso zikiendelea kukua. Upasuaji upo, lakini ni mgumu, na mazoezi ya kufungua kinywa baada yake ni ya miezi mingi. Mtoto aliyeangukia kidevu apimwe hata kama jeraha lenyewe limeshonwa likapona. Sikio linalotoa usaha halingoji. Mdudu hai akiingia sikioni, mafuta ya kula ya vuguvugu humtuliza, ikiwa sikio halikuwa na tundu wala usaha. Kumtoa ni kazi ya zahanati. Siagi ya Speke haikuwa wazo baya. Kisu kilikuwa.

Wa tatu ni Livingstone mwenyewe, aliyefika Kwihara na Stanley tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka Machi 14, naye Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti 25. Alikuwa na umri wa miaka 59. Stanley aliandika kwamba meno yake yalikuwa yameharibiwa na chakula kigumu cha Lunda, na Livingstone mwenyewe alimweleza binti yake Agnes kwa barua, kwa mzaha wa mtu anayejua hali yake, kwamba mashavu yamebonyea na meno machache yaliyosalia yamekwenda upande kwa sababu ya mahindi makavu na nyama ya tembo. Katika shajara yake ya Kwihara ameeleza jinsi alivyokuwa akitengeneza jibini kwa ajili ya safari, akiacha maziwa yagande yenyewe. Kwa mtu mwenye kinywa kile, naona ulikuwa uamuzi wa busara.

Mashavu hubonyea kwa sababu mfupa hupungua. Kila taya lina ukingo ambao umejengwa kwa ajili ya meno tu. Ukingo huo huota pamoja na jino, hushikilia mzizi wake kwa nyuzi ndogo zinazoubonyeza na kuuvuta kila tunapotafuna, na jino likitoka, nao huanza kuliwa na mwili. Upungufu ni mkubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, lakini hauishi. Mzee asiye na meno hupoteza kimo cha uso: midomo huingia ndani, kidevu hupanda kuelekea pua, na taya la chini huwa jembamba hata linaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo. Meno ya bandia hurudisha sehemu ya kimo na uwezo wa kula, ila hayauzuii mfupa kupungua. Kinachouzuia ni jino lenyewe, na kwa sababu hiyo daktari wa meno anayejitahidi kuziba jino badala ya kuling'oa anatetea mfupa pia.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao, akiwamo Jacob Wainwright, waliubeba mwili uliokaushwa, na Oktoba mwaka huo wakafika nao Unyanyembe. Hapo walikutana na Luteni Cameron, aliyewashauri wauzike papo hapo. Walikataa. Mwili ulipofika London Aprili 1874, aliyeitwa kuthibitisha alikuwa daktari wa upasuaji Sir William Fergusson, na ushahidi alioutegemea haukutoka usoni. Alitafuta mfupa wa mkono wa juu wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844 na kamwe usiungane sawasawa, ukabaki na kiungo cha uongo katikati. Akaupata, na Aprili 18 mwili ukazikwa Westminster Abbey.

Kiungo hicho cha uongo kinatuhusu, kwa maana taya lililovunjika huweza kufanya vilevile. Mfupa unaotikiswa kila siku hauungani. Taya hutikiswa kwa kula, kusema na kumeza mate, kwa hiyo hufungwa kwa nyaya kwenye meno au kushikizwa kwa vibamba vidogo vya chuma, na likitulizwa hivyo kwa wiki nne hadi sita kwa kawaida huungana. Anayekaa nyumbani kwa miezi akifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini hupata taya lililoungana upande au lisiloungana. Kutoka Kwihara pa kuanzia ni karibu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete. Kazi kubwa zaidi huelekezwa Bugando au Muhimbili, walipo mabingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso.

Limebaki jambo moja ambalo wasafiri wale hawakuliandika, nalo ni la wakati wetu. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto mchanga mwenye homa, kuhara au kutapika huambiwa ana "meno ya plastiki". Mganga huonyesha vivimbe vyeupe kwenye ufizi, mahali chonge zitakapoota, huuchana ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli na kutoa kitu cheupe, laini kama gegedu. Wazazi hukiona kwa macho yao, nacho kweli kinafanana na plastiki. Lakini ni chonge ya utotoni ambayo bado haijawa ngumu. Kila mtoto mwenye afya anazo nne, mbili juu na mbili chini, tangu kabla ya kuzaliwa. Kuhara kunatokana na vijidudu vya tumboni, homa huenda ni malaria, na vyote viwili vinaendelea kumdhoofisha mtoto wakati damu inamtoka kinywani.

Wapo wanaokufa kwa kupoteza damu, kwa pepopunda au kwa vijidudu kuingia katika damu. Wanaopona hukua bila chonge hizo, na kwa kuwa chipukizi cha jino la kudumu kimelala jirani kabisa ndani ya mfupa ule ule, nalo mara nyingi huota likiwa limepinda, lina kasoro, au halioti. Mtoto mwenye kuhara anahitaji maji yenye chumvichumvi maalumu ya kuongeza maji mwilini, maziwa ya mama bila kukatizwa, na zahanati. Vile vivimbe viachwe. Kati ya mwezi wa 16 na wa 22 vitatokeza vyenyewe, vikiwa chonge.